Mistari mitatu kwa siku: ninavyohifadhi Qur'ani huku nachoma vitumbua

Wiki iliyopita nilimsomea ustadha wangu ukurasa wa 181, wa mwisho katika juzuu ya 9, yaani sehemu ya 9 ya Qur'ani. Ukijumlisha na juzuu ya 30, ambayo niliipata chuoni nikiwa mtoto, sasa ninazo juzuu 10 kati ya 30. Imenichukua miaka mitano. Dada zangu wa darsa wamekuwa wakiniuliza nilifanyaje, na wengi wao wana hali kama yangu: watoto wanne, mume wa safari, biashara ndogo, mama mzee wa kumhudumia. Nawaandikia nyinyi hasa.

Kwanza niwaambie kilichonishinda. Jaribio langu la mwanzo lilidumu siku 19. Ilikuwa mwezi wa Mfunguo Mosi, moyo bado una joto la Ramadhani. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu: msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, kila siku ukurasa mmoja, miezi 20 nimemaliza. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na hiyo hesabu ndiyo iliyoniponza. Kwa siku 19 niliamka usiku wa manane, nikasoma mpaka macho yakauma. Siku ya 20 mtoto wangu wa mwisho akapandisha homa, ikawa malaria. Siku nne nilikuwa naye tu, ndoo na kitambaa. Nilipoufungua tena msahafu nilikuta nadaiwa kurasa nne, na kesho yake zikawa tano. Nikaufunga. Mwezi mmoja baadaye nikajipima kama walau kilichopita kimebaki. Nilikwama ukurasa wa 3, pale zinapoanza habari za wanafiki. Siku 19 za kukesha, na mkononi nimebakiwa na ukurasa mmoja na kipande. Nililia siku ile, na kwa muda mrefu niliamini kwamba jambo hili si la watu kama mimi.

Ustadha wetu ni bibi wa makamo, anafundisha wanawake hapa Ngamiani, Tanga, miaka mingi sasa. Nilipomweleza hakunipa pole wala hakunilaumu. Aliniuliza, "Mwanangu, siku yako mbaya kuliko zote, siku mtoto anaumwa na unga umekuharibikia, inabeba mistari mingapi?"

Nikafikiri. Nikasema, "Labda mitatu, bi ustadha."

"Basi hifdhi yako ni mistari mitatu. Ukiweza kumi, soma mitatu."

Nilimwona ananidharau. Msahafu wa Madina una mistari 15 kila ukurasa, kwa hiyo mistari mitatu kwa siku tano ni ukurasa mmoja kwa wiki. Juzuu ya 30 ina kurasa 23, na nilikuwa nayo, zikabaki 581. Bila kuruka hata wiki moja ni miaka 11 na zaidi. Nilikuwa na miaka 36. Alinisikiliza nikilalamika, kisha akanikumbusha kuwa Qur'ani yenyewe ilimshukia Mtume (s.a.w.) kwa muda wa miaka ipatayo 23, na makafiri walipouliza kwa nini haikuteremshwa yote kwa mara moja, jibu limo katika Surat Al-Furqan, aya ya 32: ni ili moyo wake uthibitishwe kwayo. "Moyo wa Mtume ulipewa kidogo kidogo," akasema, "wako wewe utake kwa mkupuo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote humu. Fungu la kila siku tunalipima kwa siku yetu nzuri, siku tumelala vizuri na nyumba imetulia. Siku za namna hiyo ni chache. Pima kwa siku mbaya. Kinachobebeka siku ya homa kitabebeka siku zote.

Sasa, mistari mitatu inaingia wapi? Mimi nachoma vitumbua vya kuuza. Mchele naloweka mchana, jioni nasaga na tui la nazi, natia hamira na iliki, unga unaumuka usiku kucha. Saa 10 usiku niko jikoni. Sikuongeza kazi nyingine kwenye siku yangu. Hifdhi niliipandisha juu ya kazi iliyokuwepo. Usiku kabla ya kulala naisoma mistari mitatu kwa msahafu, halafu namsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule msomaji wa Qur'ani wa Misri aliyefariki mwaka 1980, kwa sababu anasoma taratibu na kila herufi unaisikia inapotokea. Namsikiliza mara kumi, nalala.

Alfajiri chuma kikishika moto ndipo kazi inapoanza. Chuma changu kina matundu saba. Natia mafuta, namimina, nasubiri pembeni pakauke, nageuza kwa kijiti kimoja baada ya kingine, na kila ninapogeuza kitumbua nasema mstari mmoja. Chuma kimoja, mara saba. Vyuma vitatu, mara 21, mstari umekaa. Nahamia wa pili. Wateja wa kwanza wanapofika saa 12 asubuhi mistari yote mitatu imo kinywani, na huwa nimekwisha kuisoma katika sunna ya alfajiri pia. Hakuna saa niliyoitenga. Siku nilizojaribu kutenga saa, saa hiyo ndiyo iliyoliwa na mambo mengine kwanza. Lakini vitumbua lazima vigeuzwe, la sivyo vitaungua na watoto watakosa ada.

Wewe huenda huchomi vitumbua. Lakini una daladala unayopanda kila siku, una mtoto unayemnyonyesha, una foleni ya maji. Tafuta kazi ya mikono ambayo haitaki kichwa na ambayo huwezi kuiruka. Uifunge hapo.

Mengi ya jambo hili lakini hayako kwenye somo jipya. Yako kwenye murajaa, yaani kuyarudia uliyokwisha kuhifadhi, na nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Mtume (s.a.w.) amemfananisha mtu wa Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia anabaki nao, akiwaachia wanakwenda zao. Sisi tunaokaa Ngamiani jina la mtaa linatosha kutukumbusha. Mwaka wa kwanza nilikuwa na furaha ya kusonga mbele, ya nyuma nikayapitia kwa juu juu tu. Kisha nikafika ukurasa wa 19, Al-Baqara aya ya 123, na nilichokuwa nacho kikavurugika.

Anayejua ataelewa mara moja. Aya ya 48, ukurasa wa 7, inaonya juu ya siku ambayo nafsi haitaifaa nafsi nyingine kitu. Inataja uombezi kwanza, kisha fidia. Aya ya 123 inaanza kwa maneno yaleyale, inaishia kwa maneno yaleyale, ila inatanguliza fidia, uombezi unafuata. Kati yao kuna kurasa 12, kwangu zilikuwa miezi minne. Kabla ya hapo aya ya 48 niliisoma kama jina langu. Baada ya hapo, nikiianza tu, ulimi unateleza nafika ya 123, na kutoka hapo naendelea na kisa cha Nabii Ibrahim bila kujua kwamba nimeruka kurasa 12. Ustadha alinisimamisha, akanirudisha, nikateleza tena. Mara ya tatu akafunga msahafu. "Wiki tatu hakuna jipya," akasema.

Wiki tatu zile ziliniuma kuliko kitu kingine, na ndizo zilizookoa safari nzima. Nilirudi mwanzo nikazipitia kurasa zote 19, kila siku, ndani ya sala. Nilijiwekea alama: ya 48 ni "shafaa kwanza", yaani uombezi, ya 123 ni "adli kwanza", yaani fidia. Hadi leo nikizikaribia napunguza mwendo, kama dereva anayejua kona iko wapi.

Tangu wakati ule murajaa yangu iko hivi: kila sala ya faradhi ina kurasa mbili zake, kabla au baada. Sala tano, kurasa kumi, nusu juzuu. Kwa juzuu 10 nilizonazo, kila siku ya 20 nimezunguka zote. Sina daftari la kufuatilia. Adhana ndiyo inayoniambia.

Kuna siku ambazo hakuna kitu, na hizo lazima uzijue mapema ili zisikuvunje. Kama tulivyozoea chuoni, Alhamisi na Ijumaa sichukui somo jipya. Ramadhani ni murajaa tupu. Na sisi wanawake wa madhehebu ya Imamu Shafi tuna siku zetu za mwezi ambazo hatusomi. Ustadha aliniambia nisikilize tu, sikio halijakatazwa, na kweli nikirudi nakuta mistari haijaenda mbali. Ukiziondoa siku zote hizo, kwa mwaka napata kurasa kama 36. Al-Baqara peke yake ilinichukua mwaka mmoja na miezi minne.

Na siku iliyopotea, imepotea. Hili nililishika kwa sababu ya zile kurasa nne nilizokuwa nadaiwa. Nikikosa leo, kesho nasoma mistari mitatu, si sita. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwa Mtume kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa chache. Deni linamfanya mtu aukwepe msahafu kama anavyomkwepa mwenye duka. Usijiwekee deni.

Tafuta pia mtu wa kukusikiliza, na asiwe mpole sana. Mimi Jumapili namsomea ustadha, siku nyingine ananisikiliza mwanangu wa pili, mwenye miaka 11, ambaye amenipita kwa juzuu sita. Anakaa kwenye kigoda na sare yake ya shule, kitumbua mkono mmoja, ananifuatisha kwa msahafu wa simu, na nikikosea hasemi kitu, anagonga kigoda mara moja kwa kidole. Mwanzoni niliona haya kurekebishwa na mtoto wangu. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha: "Mama, bado mstari mmoja."

Kaka yangu si mtu wa hifdhi, anajenga, lakini alinisikia nikisema haya akaacha kuota nyumba nzima. Kila jioni anaweka pembeni bei ya tofali moja, hata siku bodaboda yake haikuingiza kitu cha maana. Boma limefika kwenye renta.

Ukitaka kuanza, usiianze Mfunguo Mosi moyo ukiwa juu. Ianze wiki ya kawaida, wiki iliyochoka. Chukua msahafu mmoja na usiubadilishe, maana jicho linakumbuka mstari ulipokaa kwenye ukurasa, juu kulia au chini kushoto, na ukibadilisha chapa umelipoteza jicho. Na wiki ya kwanza, hata ukiona unaweza kumi, soma mitatu.

Jumamosi naingia juzuu ya 10, ukurasa wa 182, "Wa'lamu annama ghanimtum". Mchele nimeshaloweka.