Nyundo yasema zege zima, mbona nondo zinachungulia?

SWALI: Nyumba yetu ya ghorofa moja ilijengwa 1974, karibu na bahari. Nguzo za chini zimepasuka wima, na chini ya slabu zege linabanduka hadi nondo zinaonekana. Fundi amepiga nyundo ya Schmidt (kifaa kinachogonga zege na kusoma kinavyodunda), akapata kipimo cha 42, akasema zege limekomaa, tunaweza kupandisha ghorofa nyingine. Tumwamini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Msiongeze hata tofali moja. Nyundo ile hupima ngozi tu, na ngozi ya zege kuukuu huwa ngumu kwa sababu hewa ya ukaa imepenya na kugeuza chokaa ya saruji kuwa kama jiwe. Ukaa huohuo ndio unaoivua nondo kinga yake dhidi ya kutu. Hiyo 42 basi yaweza kuwa dalili ya maradhi.

Vunjeni kipembe cha nguzo, pulizeni vumbi, nyunyizeni fenolftaleini, dawa ya maabara inayobadili rangi, papo hapo. Palipogeuka rangi ya waridi ukaa haujafika. Palipobaki vilevile umefika. Linganisheni kina hicho na kina cha nondo. Lakini kwenu pwani waridi isiwatulize, kwani chumvi hula nondo hata hapo. Pelekeni maabara vumbi la kutoboa la kila kina: kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, ikizidi takriban 0.4% ya uzito wa saruji, kutu imepata njia.

Nguvu yenyewe ya zege hupimwa kwa vipande vya mviringo vinavyokatwa kwa mashine, vyenye kipenyo cha milimita 100, angalau vitatu kwa kila aina ya kiungo, kama nguzo au slabu. Tafuteni nondo kwa kifaa kwanza, msije mkazikata. Msichukue vyote karibu na kichwa cha nguzo. Wakati wa kumwaga, maji hupanda na zege la juu hubaki dhaifu.

Kisha chuma, ambacho fundi wenu hakukigusa. Kwangueni kutu kwa brashi ya waya, mpime unene kwa kalipa palipokondeana zaidi, maana chumvi huchimba vishimo. Nondo ya milimita 16 iliyobaki 14 imepoteza 23% ya eneo lake. Ringi, vile vyuma vinavyozifunga nondo, ya milimita 8 iliyobaki 6 imepoteza 44%, na ringi ndizo hutangulia kuliwa kwa kuwa ziko nje. Zikikatika, nondo za nguzo hupinda kuelekea nje. Kupiga plasta juu yake ni kuficha tu.

Mhandisi akokotoe kwa vipimo vilivyobaki, si vya kwenye ramani. Kabla hajafika, wekeni jeki chini ya slabu, na kama juu kuna tanki, limwageni leo: lita 5,000 ni tani tano.