Puli inalia, mkanda unasingiziwa

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nipo Uyole hapa Mbeya, nina Hailux ya zamani ya dizeli, injini 3L, nabebea viazi kutoka Isongole kushusha mjini. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze nikiwasha asubuhi inapiga kelele kule mbele kama paka aliyekanyagwa mkia, majirani wameshaifanya saa ya kuamkia. Ikipata moto inapungua ila haiishi, na siku hizi kuna mkwaruzo umeongezeka kama mashine inasaga mahindi yenye mchanga. Fundi wa kwanza akasema fenibelti, ile mikanda ya raba ya mbele ya injini, nikabadilisha zote, wiki mbili kelele ikarudi. Wa pili akakaza, ikanyamaza siku tatu. Wa tatu akapaka sabuni ya mche. Nikachoka nikamwagia mwenyewe mafuta ya kula, sasa hata sielewi inalia nini. Naweza kuimaliza hii kitu mwenyewe nyumbani? Spana ninazo.
Dereva wa viazi, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mafuta ya kula yarudi jikoni. Mkanda unazungusha vitu kwa kushika, ukiupaka mafuta unaunyima kazi yake na raba yenyewe inavimba, na sabuni ni hivyohivyo, inanyamazisha siku mbili alafu inakauka inakuwa ukoko unaolia zaidi. Osha hiyo mikanda kwa maji ya sabuni ya unga, suuza, kausha kwa kitambaa, futa na mifereji ya puli zote (vile vigurudumu vinavyopitiwa na mkanda), na ukiona mkanda umeshakuwa laini laini au umevimba huo umekwenda, nunua mwingine.

Sasa tuje kwenye shida yako. Umesema mwenyewe vitu viwili na mafundi wote watatu walisikia kimoja. Kuna mlio mwembamba wa kupiga ukelele, huo ndo wa mkanda unaoteleza, na kuna mkwaruzo, huo sio wa mkanda kabisa, raba haiwezi kusaga mchanga. Huo ni wa beringi, ile pete ya vigololi katikati ya puli inayoifanya izunguke laini, iliyoisha grisi ndani. Na mi nakwambia bila kuiona gari, huyo wa pili aliyekaza ndo amekumalizia beringi, maana mkanda ukikazwa kupita kiasi mzigo wote unaegemea kwenye beringi za puli, ya altaneta inayochaji betri na ya wota pampu inayozungusha maji ya kupoza injini, kelele ya mkanda inakufa kweli, wiki ya pili beringi zinaanza kulipa deni. Nimeona hii mara nyingi mpaka sasa mtu akiniambia "nilikaza ikanyamaza" najua tayari nitakachokuta.

Kwanini asubuhi? Usiku wa Uyole mwezi wa sita na wa saba unaujua kuliko mimi, grisi inaganda, raba inakakamaa, umande umelala kwenye mkanda. Tena dizeli ukiwasha kwanza unapasha zile plagi za moto, betri inaliwa sana, kwahiyo injini ikishika tu altaneta inapigwa mzigo mkubwa kurudisha ule umeme na mkanda wake unaburuzwa. Ndo maana dakika kumi baadaye kelele inapungua. Kupungua sio kupona lakini.

Kabla hujashika spana yoyote, zima gari, toa funguo weka mfukoni, fungua waya wa hasi wa betri. Mikono mirefu ya sweta kunja, skafu vua, maana najua asubuhi za huko watu wanafungua boneti wamejifunga mablanketi. Feni ya Hailux ikikamata kitambaa haisubiri useme samahani.

Jaribio la kwanza ni la maji, hapo unarudisha waya na kuwasha. Chukua chupa ya kupulizia, nyunyiza maji kidogo upande wa ndani wa mkanda unaogusa puli, mkono ukiwa mbali. Mlio ukizidi, mkanda unateleza, labda umelegea au umechoka. Mlio ukikata sekunde chache alafu ukarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Na ukisikia hakuna kilichobadilika kabisa, hapo sasa uanze kuitafuta beringi.

Kwenye Hailux kama yako yenye AC, mkanda wa AC una safari yake peke yake na una puli ndogo ya kukazia, haizungushi kitu chochote, kazi yake ni kusukuma mkanda ukae mgumu. Hiyo ndo mshukiwa wangu namba moja. Wengi wanadhani wakizima AC basi puli ile imelala, hapana, puli ya kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, inazunguka bure muda wote injini ikiwaka mpaka klachi yake ishike, na hii ndogo inazunguka nayo mwaka mzima, jua mvua, hata kama AC yako ilikufa kabla hujainunua gari.

Legeza nati ya katikati ya hiyo puli, mara nyingi spana 14, usiitoe, legeza tu, alafu ile bolti ndefu ya kurekebishia izungushe mpaka puli ishuke na mkanda ulegee utoke. Washa gari. Feni na wota pampu bado zina mikanda yao kwahiyo hapa unaweza kuiacha inguruma hata dakika tano ukisikiliza vizuri. Kelele imepotea? Basi umeshamkamata. Kelele ipo? Zima, toa na mikanda ya feni, washa tena ila sekunde kumi na tano tu maana sasa maji hayazunguki, zima. Ikinyamaza hapo ni altaneta au wota pampu.

Baada ya hapo ni vidole. Zungusha kila puli kwa mkono, taratibu. Nzima inakwenda kimya na inakataa kidogo kama imeshikwa na asali. Mbovu utaisikia kwenye kucha inakwaruza, au ndo inazunguka muda mrefu bila kusimama kama gurudumu la baiskeli, watu wakiona hivyo wanafurahi wanasema hii nyepesi, kumbe grisi imeisha yote. Itikise pia mbele nyuma, ikicheza ndo basi. Na wota pampu ikicheza au ukaona alama ya maji yaliyokauka chini yake usihangaike na beringi, ile inabadilishwa nzima.

Tuseme ni ile puli ndogo. Piga picha na simu kwanza jinsi washa (zile pete bapa za chini ya nati) na kifuniko vilivyopangana, we acha kiburi piga picha, kesho hutokumbuka. Toa puli. Kama ni ya plastiki nunua nzima usijisumbue. Kama ni ya chuma safisha katikati utaona beringi na mara nyingi kuna kipete cha chuma kimekaa kwenye mfereji kinaizuia isitoke, kitoe, weka puli juu ya mbao mbili ziache nafasi katikati, tafuta soketi ya zamani yenye upana unaokaribia wa beringi, gonga itoke.

Pale pembeni ya beringi pameandikwa namba, futa usome. Mfano 6203: ile 03 ya mwisho maana yake tundu la milimita 17, kwa nje ni 40, unene 12. 01 ni tundu la 12, 02 ni 15, na kuanzia 04 unazidisha mara tano, 04 ni 20, 05 ni 25, ukijua hilo muuza duka hawezi kukuyumbisha. Herufi nazo zina kazi, ZZ ni mifuniko ya chuma pande zote mbili, 2RS ni ya raba. Kwa vumbi letu chukua 2RS, na ukipata yenye C3 ni vizuri zaidi, hiyo imeachiwa nafasi ndani ya kutanuka ikipata joto. Nenda nayo mkononi ile mbovu, zunguka maduka ya spea Mwanjelwa, hata wanaouza vya mashine za kusaga wanazo maana beringi haijui imo kwenye gari au kwenye kinu. Ila angalizo moja, usipewe ya rahisi ya gurudumu la bodaboda kwa vile tu imeingia. Gurudumu la bodaboda kwa spidi 60 halifiki mizunguko 700 kwa dakika, wakati hii puli yako ikiwa ni nusu ya ukubwa wa ile ya krenki, puli kuu ya chini inayozungushwa na injini yenyewe, injini ikiwa mizunguko 2,000 yenyewe inapiga 4,000, na joto la injini juu yake.

Kuiingiza: beringi ifunge kwenye mfuko wa nailoni uilaze kwenye friza usiku kucha isinyae kidogo (najua utaniambia Uyole mwezi wa saba friza ya nini, iweke dirishani, we weka kwenye friza tu). Puli imwagie maji yaliyochemka, ikaushe haraka, dondosha beringi. Ikigoma gonga kwa soketi lakini soketi iguse pete ya NJE peke yake. Ukigonga pete ya ndani, kila pigo linapita kwenye vile vigololi na unakuwa umenunua beringi mpya mbovu. Hapa ndo wengi wanaharibu.

Kama hela haijakaa sawa leo, kuna njia ya kuvutia siku. Bandua ule mfuniko wa raba na ncha ya wembe bila kuukunja, osha ndani kwa mafuta ya taa mpaka uchafu mweusi uishe, kausha kabisa, paka grisi inayovumilia joto ijaze kama theluthi moja ya nafasi, usijaze yote maana ikijaa inachemka na kujitapika nje, rudisha mfuniko. Inaweza kukupa wiki kadhaa. Ila kama vigololi vina vidonda grisi haiwezi kufukia vidonda, usinilaumu.

Kurudisha mkanda, kaza mpaka ukiubonyeza kwa gumba kwa nguvu katikati ya sehemu ndefu ushuke kama sentimita moja. Basi. Usiufanye uzi wa gitaa. Funga nati ya katikati mwisho, ukiifunga mapema bolti ya kurekebishia inapambana bure.

Kuna wanaosema kwa baridi hii AC ya nini, toa mkanda wake moja kwa moja tupa kule. Kwenye gari yako inawezekana, itatembea. Mi siungi mkono maana AC inakausha hewa, ule ukungu wa Isongole kioo kikijaa jasho kwa ndani utaitamani, lakini kama yako ilishakufa toa tu na puli upumzike.

Jambo ambalo sitaki ulichukulie kirahisi ni mkanda wa altaneta. Kwenye hizi dizeli za zamani za Toyota pampu ya upepo wa breki imefungwa mgongoni mwa altaneta. Mkanda ule ukikatika unateremka na viazi, breki inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Ipo, lakini inataka mguu wa nguvu zote. Kwahiyo mlio wa upande huo usiuahirishe. Na kelele ikiwa inatoka nyuma ya kifuniko cha taimingi, funga boneti nenda kwa fundi, injini yako inatumia mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaopanga vavu zifunguke kwa wakati wake, na pale ukikosea jino moja unaweza kuua injini.

SWALI: Kamwene fundi. Mimi nina Toyota IST, nipo Iringa mjini, mkanda ni mmoja tu unazungusha kila kitu na puli moja inakwaruza tangu juzi. Kesho nina safari ya Morogoro, naweza kwenda nikarudi ndo nirekebishe?
Mama wa IST, Kihesa

JIBU: Kamwene dada. Usiende. Kwa Hailux ya huyo hapo juu puli ya AC ikifa anapoteza AC, kwako mkanda mmoja ukitoka umepoteza chaji na wota pampu kwa pamoja, alafu hiyo safari unateremka ule mlima wa kona wa Kitonga na kurudi unaupanda. Taa ya betri itawaka kwanza, joto litafuata ndani ya dakika chache, na pale kwenye kona na malori nyuma yako hakuna pa kusimama kwa raha. Ni kazi ya nusu siku, ifanyike leo jioni. Ikikukuta njiani kokote, taa ya betri ikawaka na joto likapanda, simama pembeni uzime, usijidanganye kufika kituo kinachofuata.

SWALI: Nimefunga beringi mpya, siku ya tatu inalia tena. Nimeuziwa feki?
Mafinga

JIBU: Inawezekana, ila kwanza niambie uligonga pete ipi. Na angalia kama ulirudisha kile kifuniko chembamba cha kuzuia vumbi mbele ya puli, watu wengi wanakiona hakina kazi wanakiacha kwenye kopo la misumari. Kama kimerudi na hukugonga pete ya ndani, weka rula ndefu iliyonyooka usoni kwa puli ya krenki ifike mpaka kwenye hiyo ndogo. Ikiacha uwazi upande mmoja puli imekaa upande, tafuta washa iliyobaki mezani.