Maswali ya Wasomaji: Dola au Dirhamu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara wa nguo, Kikuubo, Kampala, na nina akaunti ya dola pamoja na kadi yake. Nilipokuwa Deira, Dubai, nilinunua mzigo wa dirhamu 1,000, na mashine ya kulipia iliuliza kama nitalipa kwa dola au kwa dirhamu. Nilichagua dola, kwa kuwa akaunti yangu ni ya dola na nilidhani kwa njia hiyo nitaepuka makato ya kubadilisha fedha. Risiti inaonyesha dola 285.71. Mwenzangu anasema nimelipa zaidi ya ilivyostahili. Je, ni kweli? Na naweza kurudishiwa?

JIBU: Mwenzako amesema kweli, mama. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungamanishwa na dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo mzigo wako ulikuwa na thamani ya dola 272.29. Risiti yako imehesabiwa kwa kiwango cha dirhamu 3.50, na zile dola 13.42 zilizozidi, yaani karibu asilimia tano, ni faida ya wanaoendesha huduma ya kubadilisha fedha kupitia mashine hiyo, ambayo mara nyingi mwenye duka naye hupata sehemu yake.

Fedha ilikuwa lazima ibadilishwe kwa vyovyote vile, kwa sababu bei ya duka ilikuwa ya dirhamu. Ulichochagua kwenye mashine ni nani aibadilishe. Ungechagua dirhamu, hesabu ingefanywa kwa kiwango cha mtandao wa kadi yako, kama vile Visa au Mastercard, ambacho kwa kawaida hukaribia sana bei ya soko, kisha benki yako ingeongeza ada yake ya miamala ya fedha za kigeni. Hata ada hiyo ingekuwa asilimia mbili, ungelipa takriban dola 277.74, na bado ungeokoa karibu dola nane katika mzigo mmoja tu. Wafanyabiashara wetu wanaolipia mizigo kadhaa kwa siku wanapoteza kwa njia hii fedha ambazo zingelipia usafirishaji, na inaniuma kwamba wengi wao wamejibu swali la mashine kwa haraka huku foleni ikiwasukuma nyuma.

Kuhusu kurudishiwa, sioni matumaini makubwa, kwa kuwa uliulizwa na ukakubali. Hali ingekuwa tofauti kama muuzaji angebonyeza dola bila kukuuliza, kwani kanuni za mitandao ya kadi zinataka mteja aonyeshwe kiwango na aachiwe uamuzi. Likikupata jambo hilo, mwombe muuzaji papo hapo aufute muamala na kuurudia kwa fedha ya nchi; akikataa, tunza risiti na uwasilishe malalamiko kwa benki iliyokupa kadi. Angalia pia karatasi za hoteli unazotia saini wakati wa kupokewa, maana wakati mwingine idhini ya kubadilisha fedha imo humo, katika maandishi madogo.

SWALI: Mhariri, natarajia kumpeleka mzazi wangu hospitalini Nairobi, na kadi yangu ni ya shilingi za Uganda. Je, nifungue akaunti ya dola kabla ya safari? — Msomaji, Mbale

JIBU: Tunamwombea mzazi wako apone. Kama hupati mapato ya dola, usifungue. Utanunua dola kwa bei ya kuuzia ya benki, kisha kadi ikitumika Nairobi dola hizo zibadilishwe tena kuwa shilingi za Kenya, na hivyo utakatwa mara mbili badala ya mara moja. Tumia kadi uliyo nayo, na mashine ya hospitali ikikuuliza, chagua shilingi za Kenya.

Kabla ya kuondoka, iulize benki yako mambo matatu: asilimia inayotozwa kwa malipo ya nje, ada ya kutoa fedha kwenye ATM ya nje, na kiwango cha juu cha matumizi kwa siku, kwa sababu bili ya hospitali inaweza kukivuka kiwango hicho na malipo yakakataliwa saa mbaya. Kila unapotoa fedha kwenye ATM, huenda ukatozwa na benki yako na pia na benki yenye mashine, na kwetu ada za benki zina ushuru juu yake. Kwa hiyo ni afadhali utoe kiasi kikubwa mara moja kuliko kidogo kidogo kila siku, ilimradi una mahali salama pa kukiweka. Kadi ya mkopo usiitolee fedha taslimu kama una njia nyingine, kwani riba yake kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ileile.

Na ATM ikikuonyesha kiasi kwa shilingi za Uganda na kukutaka ukubali kiwango chake, kataa. Muamala utaendelea kwa shilingi za Kenya na fedha utazipata.