Mwenzako naye ana karata kumi na tatu

Sisi wa Lamu karata tunazijua tangu utotoni. Kopa, uru, shupaza na pau ni majina tuliyoachiwa na Wareno, na mpaka leo unayasikia barazani kahawa ikipita. Kwa hiyo nilipokaribishwa kwenye meza ya briji kule Shela, nilijiona nimeshafuzu. Kunadi nilikushika kwa wiki chache. Kuzuia kumenichukua miaka, na nayaandika haya kwa sababu naona vijana wanaoupenda mchezo huu wakikwama palepale nilipokwama mimi.

Mezani mko watu 4, wawili kwa wawili. Mmoja hushinda mnada wa kuahidi mafungu (fungu ni karata nne, moja ya kila mchezaji) na kuucheza mgawo; huyo ndiye mnadi. Mwenzake huzilaza karata zake wazi na kunyamaza, na kwetu tunamwita bubu. Wawili waliobaki kazi yao ni kuzuia. Ukihesabu kwa muda mrefu, basi, nusu ya migawo yako yote utakuwa mzuiaji, na robo tu ndiyo utakayoicheza mwenyewe. Lakini watu hukesha wakisoma minada, na kuzuia wakakuachia bahati. Hilo huniuma kweli.

Mgawo ulionifungua macho naukumbuka hadi kesho. Mnadi, aliyekaa kushoto kwangu, alifungua na bila turufu 1, yaani mchezo usio na aina inayozikata nyingine, kumaanisha ana pointi 15 hadi 17 za karata kubwa. Mnada ukaishia bila turufu 3, yaani ale mafungu 9 kati ya 13. Mwenzangu akaanza na 6 ya shupaza. Bubu akalaza karata zake, pointi 10 kwa jumla, na kwenye shupaza alikuwa na bibi, 9 na 3. Mimi nilishika ree, 10 na 7. Mnadi akaitisha ile 3 ya bubu, na mimi, kwa mazoea kwamba wa tatu hupiga kubwa, nikaiangusha ree kwa kishindo. Nikarudisha 10, mwenzangu akambana mfalme wake mkononi, bibi ya bubu ikala. Hilo ndilo lililokuwa fungu la 9 la mnadi.

Mwenzangu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, wateza karata zako pekeyo. Na mimi n'na kumi na tatu." Kisha akazirudisha karata za shupaza mezani, moja moja.

Kwenye bila turufu, tulikuwa tumekubaliana kwamba anayeanza hutoa karata ya nne kutoka juu katika aina yake ndefu. Ikiwa ni hivyo, itoe karata hiyo kwenye 11. Kumi na moja kutoa 6 ni 5, na hizo 5 ndizo karata zilizo juu ya 6 mikononi mwa wale watatu wengine. Bubu anazo 2, bibi na 9. Mimi ninazo 3. Zimekwisha! Mnadi hana hata moja ya kuipita 6. Kwa hiyo 7 yangu ingetosha kula. Baada yake ree, mnadi afuate na ndogo na bubu abaki na moja tu. Halafu 10, mwenzangu aifunike kwa mfalme na bibi ianguke bure. Kisha ghulamu wake, kisha 8. Mafungu 5, na mnadi kaanguka. Karata zote hizo zilikuwa zetu, nami nikazitupa kwa sababu sikusimama kuhesabu.

Tena kulikuwa na hesabu ya pili. Pakiti nzima ina pointi 40: ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1. Bubu 10, mimi 9, mnadi 15 hadi 17. Mwenzangu amebakiwa na 4 hadi 6. Mfalme na ghulamu wa shupaza tayari ni 4, basi asitarajiwe kuwa na ree nyingine popote. Mgawo huo ungeangushwa kwa shupaza, au usingeangushwa kabisa. Siku hizi bubu akishalaza karata, mimi sigusi kitu mpaka nimalize toa-jumlisha hiyo, hata kama wenzangu wanatazama dari.

Kwenye mchezo wa turufu mambo hubadilika kidogo. Usianze na karata ndogo ukiwa na ree ya aina hiyo, maana unaweza usiile tena. Ukiwa na mfalme, bibi na ghulamu pamoja, anza na mfalme.

Kutupa karata, pale unapokuwa huna aina inayochezwa, ndiko kunakoua wengi kimyakimya. Mnadi akivuta turufu zake, mkono hutafuta ile karata ndogo inayoonekana haina maana. Tazama bubu kwanza. Akiwa na karata 4 za uru na wewe unazo 4, usiachie hata moja, kwa sababu ile ya nne ya bubu ndiyo itakayokula ukibaki na 3.

Na ishara: mwenzio akianza na karata kubwa, kubwa kiasi kutoka kwako isiyo na kazi husema endelea, ndogo husema badilisha. Ishara ni ya karata tu. Kuguna, kukunja uso, kuchelewa makusudi, huo ni wizi, na nimewahi kuiacha meza kwa sababu hiyo. Makubaliano yenu si siri pia. Mpinzani akiuliza, mwelezeni.

Kwetu sasa, kabla karata hazijachangwa upya, tunaulizana: mnadi alikuwa na shupaza ngapi, kopa ngapi, uru ngapi, pau ngapi? Jana usiku nilizipata mbili sawa. Kwenye uru nilisema 3 na pau 4, kumbe uru zilikuwa 4 na pau 3, kwa vile sikuiona 2 ya uru aliyoitupa kwenye fungu la sita.