Mafuta ya bwate otomatiki: kazi yenyewe iko kwenye joji

Nina Mercedes 300 D ya mwaka 1983, rangi ya krimu, niliyoachiwa na baba mdogo. Ni otomatiki, na hapo ndipo mafundi wengi wa huku kwetu Lubumbashi wanapoanza kukwepa. Injini ya dizeli wataifungua hata gizani. Ukitaja bwate otomatiki, yaani giaboksi, wanakushauri utafute ya manuali. Kwa hiyo mafuta yake nabadilisha mwenyewe, uani. Kosa langu kubwa mara ya kwanza halikuwa la spana. Lilikuwa la kupima.

Nilikuwa nimemwaga, nimeweka filta mpya, nimejaza. Kesho yake asubuhi, gari limelala usiku kucha, nikavuta joji, kile kijiti cha kupimia mafuta: yamepita alama ya juu kwa vidole viwili. Nikaogopa. Nikatafuta bomba la sindano na kipande cha mpira, nikanyonya zaidi ya lita moja. Nikawasha, nikatia D, gia ya kwenda mbele. Gari likanguruma palepale kama linafikiria, kisha likaruka mbele. Mzee jirani, aliyestaafu ufundi wa malori, alikuwa ameketi chini ya mwembe akiniangalia.

"Sasa mtoto, mafuta ya bwate unapimaka moteri imezimika?"

Alikuwa na haki. Injini ikizimwa, sehemu ya mafuta yaliyo ndani ya konveta, ile ngoma iliyo kati ya injini na bwate, hurudi chini kwenye karteri, yaani bakuli la chini ya bwate, na joji linakudanganya kwamba yamezidi. Hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini inanguruma taratibu, gia iko P, ya kuegesha, na mafuta yamefika joto la kazi, kama nyuzi 80. Zunguka mjini dakika ishirini kwanza, kisha simama, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kwenye kila gia, rudi P, ndipo uvute joji. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni lita 0.3 tu, kikombe cha chai. Yakipungua, pampu inavuta hewa na gia zinateleza. Yakizidi, vinavyozunguka ndani vinayapiga mpaka yatoe povu, na povu halisukumi kitu.

Sasa kumwaga. Gari liwe vuguvugu, si moto wa kukuunguza mkono. Jeki ni ya kuinulia tu. Ukiingia chini, gari likae kwenye stendi, na chini ya stendi weka ubao mnene, maana udongo wetu mwekundu mwezi wa nane ni tofali na mwezi wa kwanza ni ugali. Boluti ya kumwagia inafunguliwa kwa spana ya L ya pembe sita, milimita 5. Chokoa tope ndani yake kwa msumari kwanza. Ile tundu ikiliwa, utalia.

Hapo yatatoka kama nusu. Nusu nyingine imo ndani ya konveta, na wengi wanaiacha, mafuta mapya yakachanganyika na ya zamani. Bwate hii ina boluti ya pili kwenye konveta yenyewe. Mtu mmoja anazungusha injini kwa spana ya 27 kwenye nati ya mbele ya krenki, mhimili mkuu wa injini, kufuata saa tu, na wewe uko chini unatazama dirisha dogo mpaka boluti ijitokeze. Mpwa wangu alizungusha, akaipitisha mara tatu kwa kucheka.

Kinachotoka, kamata chote kwenye bidoni, yaani madumu, zenye alama za lita. Kwangu ni kama 6. Tazama na unuse: yakiwa mekundu au kahawia, sawa, yakiwa meusi na yananuka kuungua, sahani za klachi zimeanza kwenda. Ute wa kijivu chini ya karteri ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.

Karteri ina boluti sita za 13, filta ina skrubu tatu. Usipanguse kwa kitambaa cha kuacha nyuzi. Uzi mmoja ukiingia kwenye vali, umejitengenezea kazi nyingine. Weka mpira mpya wa karteri bila silikoni, na ukaze boluti kwa kifundo cha mkono tu, Nm 8 (nyutoni-mita) kwa spana ya kipimo, la sivyo karteri inapinda. Nilizunguka asubuhi nzima nikitafuta rondela mbili za shaba, yaani washa za boluti za kumwagia, za kipimo changu. Mji wa shaba huu!

Mafuta ni ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki, ya aina ya Dexron III, kopo ambalo halijafunguliwa. Ya kupimiwa kwenye chupa sokoni siyaamini. Wekundu si ushahidi. Jaza lita 4 kwa faneli nyembamba kupitia bomba la joji, washa, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka ukaribie kile ulichotoa, na umalizie kwa kupima yakiwa moto.

Mzee aliniomba lita moja ya yale ya zamani, apake nguzo za banda lake dhidi ya mchwa. Yaliyobaki yako nyuma ya jiko ndani ya bidoni, yanangoja garaji ya kuyachukua, maana kutoka pale nilipolala chini ya gari hadi kisima chetu hakufiki hatua ishirini.