Uliza Nikujibu: Sindano, viraka na theluji dirishani

SWALI: Anti shikamoo. Huku theluji inaanguka siku ya tano sasa, mlango hata haufunguki vizuri, na mimi nipo ndani na furaha yangu maana huu ndo msimu nausubiriaga mwaka mzima nikae nifume na kushona. Shida nimeanza vitu vitatu kwa mpigo, sweta nyeusi, soksi na mfarishi wa viraka, na hakuna hata kimoja kimefika nusu. Saa kumi jioni giza lishaingia, nikiwasha taa nikaishika sweta macho yananiuma, halafu asubuhi nakuta kuna kitanzi kiliponyoka mistari kumi nyuma. Niache ipi nimalize ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache hata moja, we zipange tu kwa mwanga. Mchana wa msimu wa baridi ni mfupi kweli lakini theluji mpya inarudisha zaidi ya 80% ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo ukivuta kiti dirishani kuanzia kama saa nne mpaka saa nane unapata mwanga ambao taa ya sebuleni haikupi hata ufanyeje, na hapo ndo pa kufuma hiyo sweta nyeusi na kuchagua rangi za viraka, maana usiku bluu nzito na nyeusi ni kitu kimoja. Tandika kitambaa cheupe mapajani, utaona kila kitanzi kinavyojitokeza.

Soksi ndo ziwe za usiku. Ile sehemu ya juu ya mguu inazunguka tu, mkono unajiendea huku unapiga stori na watu wa nyumbani, chai ipo pembeni, mimi sijui raha inayozidi hiyo. Ila ukifika kisigino weka chini, kisigino kina hesabu, subiri kukuche.

Kitanzi kilichoponyoka usifumue mistari yote kumi jamani! Chukua sindano ya kroshia, kinase kile kitanzi kule chini kilipo, kipandishe mstari kwa mstari kama ngazi mpaka juu. Na kila baada ya mistari 20 hivi pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vilivyopo kwenye sindano uuache hapo hapo, siku ukiharibu unafumua mpaka kwenye huo uzi tu.

Halafu hukuniambia kama ulifuma kile kipande cha kujaribia cha sentimita 10 kwa 10. Maelekezo yakisema vitanzi 22 kwenye sentimita 10 na mkono wako unatoa 20, sweta ya vitanzi 220 iliyotakiwa kuzunguka kifua sentimita 100 inakuja 110. Pima leo, ikiwa imepwaya badili sindano iwe nyembamba kidogo, najua inauma kuanza upya lakini bora sasa kuliko ukishaunga mikono.

SWALI: Sweta ya sufu niliyoifuma miezi miwili nimeiweka kwenye mashine ya kufulia na maji ya moto, imetoka ngumu na inamtosha mtoto. Naweza kuirudisha?

JIBU: Pole sana dada, miezi miwili ya mikono yako, nimesikitika. Kurudi ilivyokuwa hairudi. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, maji ya moto na kule kusuguliwa kunayafanya yashikane na hayaachiani tena. Lakini usiitupe, sufu ikishashikana hivyo unaikata kwa mkasi na haifumuki, kwa hiyo toa humo ndala za ndani au foronya ya mto. Nyingine ukifuma, ioshe kwa mkono kwenye maji ya vuguvugu, usiisugue wala usiinyonge, ikunje ndani ya taulo uikandamize maji yatoke, halafu ilaze mahali tambarare ikauke, ukiianika kwenye kamba inarefuka.

SWALI: Mfarishi wangu wa kwanza pamba ya ndani imejikusanya pembeni, katikati pamebaki kitambaa kitupu. Nilikosea wapi?

JIBU: Mistari ya kushonea uliiacha mbali mbali mno. Angalia pakiti ya pamba, huwa wanaandika mwisho wa nafasi kati ya mstari na mstari, zipo zinazotaka karibu karibu na zipo zinazovumilia hata sentimita 20. Lakini usije sasa ukaujaza mishono mpaka ukawa kama ubao, maana kinachotupa joto ni hewa iliyonaswa mle kwenye pamba, ukiibana yote joto linapungua. Huu ulionao fumua upande mmoja, itandaze pamba upya kwa vidole, bana tabaka zote tatu kwa pini ukianzia katikati kwenda nje, na ushone vile vile, katikati kwanza. Pini usizionee uchoyo, moja kila upana wa kiganja.