Sambamba, sawa, linganifu: pande za pembenne tuzisemeje?

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita aliandika kuwa "msambamba ni umbo lenye pande zote sambamba", akawekewa kosa. Fundi wa madirisha hapa mtaani naye husema "pande za fremu hii ni sambamba" akiwa na maana kwamba zimetoshana urefu. Je, sambamba, sawa na linganifu si maneno ya maana moja? (Mzazi, Kirumba, Mwanza)

JIBU: Ndugu mzazi, maana zake ni tatu tofauti, na mwalimu alimsahihisha kwa haki.

Sambamba hudai mwenzi. Upande hauwi sambamba peke yake. Huwa sambamba na upande mwingine. Reli ya zamani inayotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na vyuma vyake viwili vimeachana kwa mita 1, vikiandamana bila kukutana. Huo ndio usambamba. Mtoto aliposema "pande zote sambamba", aliingiza hata pande mbili zinazogusana kwenye kona, jambo lisilowezekana. Angeandika hivi: "Msambamba ni pembenne ambayo kila upande uko sambamba na ule unaoukabili." Neno lenyewe halibadiliki: mstari sambamba, mistari sambamba, pande sambamba. Hata watangazaji wanaposema "sambamba na hilo" wako sahihi, maana mwenzi ametajwa.

Sawa ni habari ya kipimo. Fundi wako hapati taabu kwa sababu katika mstatili pande zinazokabiliana ni sambamba na urefu wake ni sawa, kwa hiyo maneno mawili yanaelekea kuwa kitu kimoja. Trapeza ndiyo inayoyatenganisha. Ina jozi moja tu ya pande sambamba, na hizo mbili kamwe haziwi na urefu sawa. Zingekuwa sawa, umbo lingegeuka msambamba. Lakini zile pande mbili nyingine, zisizo sambamba, zinaweza kutoshana kabisa. Umbo la tiara, ambalo wengine huliita kishada, lina jozi mbili za pande sawa zinazopakana, na huenda lisiwe na pande sambamba hata kidogo.

Ulinganifu si sifa ya upande, ni ya umbo zima. Kunja kanga katikati, pindo juu ya pindo, nusu zake zitalaliana. Ikunje kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, na ncha zitatokeza nje. Basi mstatili una mistari miwili ya ulinganifu, na mshazari haumo. Rombasi, yaani pembenne yenye pande zote nne sawa lakini isiyo mraba, nayo ina miwili, ambayo ni mishazari yake. Mraba una minne. Msambamba usio mstatili wala rombasi hauna hata mmoja, ijapokuwa ukiuzungusha nusu mzunguko unakaa palepale ulipokuwa. Ndiyo maana sipendi kusema "msambamba si linganifu" halafu basi. Tutaje ulinganifu upi: wa kukunja au wa kuzungusha.

Na fundi aseme "pande zinazokabiliana zina urefu sawa". Ila ajue kwamba sentensi hiyo peke yake haimhakikishii mstatili, kwani fremu iliyopinda nayo inaitimiza. Apime pia mishazari yote miwili kwa tepu. Ikitoshana, fremu imenyooka.